Barua ya wazi: Boti ikitia nanga usiku, nani anabaki macho?

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia usafiri wa baharini, utalii, zimamoto na uokozi Zanzibar,

Assalaam alaykum.

Nimepika kwenye boti za wazamiaji kwa miaka kumi na moja, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimalizia katika mkondo wa Pemba, kuanzia kisiwa cha Misali hadi Fundo na mlango wa Njao. Sizungumzii boti zinazotoka Nungwi asubuhi, zikapeleka watu Mnemba na kurudi kabla ya alasiri. Nazungumzia zile zinazolaza wageni baharini siku tatu, siku tano, hata wiki nzima, ambazo jiko, vitanda, injini, jenereta na kompresa ya kujazia mitungi ya hewa vyote vimo ndani ya chombo kimoja. Mimi sasa nimeteremka, mgongo umekataa. Lakini wenzangu wamo, na mtoto wa dada yangu ameanza kazi ya ubaharia msimu huu. Ndiyo maana naandika kuhusu moto unaozuka usiku watu wakiwa wamelala.

Ilikuwa msimu wa upepo wa kaskazi, bahari shwari, tumetia nanga karibu na Misali. Wageni kumi na wanne, sisi mabaharia sita. Wageni walikuwa wamerudi kutoka mbizi ya usiku wakiwa na furaha, wakala, wakapanga kamera na tochi zao ukumbini juu ya kochi ili zichaji mpaka asubuhi. Ekstensheni moja ilichomekwa kwenye nyingine, na hiyo ya pili kwenye ya tatu. Mgeni mmoja alitandika taulo juu ya vitu vyake ili visipigwe na mwanga wa taa. Kisha wakashuka chini kulala.

Niliamka saa tisa kasoro robo usiku kwenda haja. Hakuna kengele iliyoniamsha, wala mtu. Nilipofungua mlango wa jiko nikasikia harufu kama sukari iliyoungua sufuriani, imechanganyika na plastiki. Chini ya lile taulo palikuwa panatoka moshi mweupe, na mluzi mwembamba kama wa birika inayokaribia kuchemka. Nilipolivuta taulo nikaiona betri ya tochi ya kupigia video imefura, upande mmoja umepasuka, na pale ilipopasuka panawaka cheche. Niling'oa plagi, nikachukua koleo ninalogeuzia samaki, nikaibana, nikakimbia nayo hadi tezi, nyuma ya chombo, na kuitupa baharini. Niliporudi, mto wa kochi ulikuwa na tundu la ukubwa wa kisahani, na sponji ya ndani ilikuwa nyekundu inaenda pembeni kimya kimya. Nikaumwagia ndoo mbili za maji ya chumvi.

Boti nzima ilikuwa imelala. Hata kijana aliyepangiwa zamu alikuwa amelala, ameegemea kamba za nanga. Simlaumu, na nitaeleza kwa nini.

Asubuhi, wageni walipokuwa chini ya maji, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika miaka yangu yote ya kazi. Niliteremka chumba cha kulala wageni, nikapanda kitanda cha deka cha mwisho upande wa omo, mbele ya chombo, nikazima taa, nikafumba macho na kujaribu kutoka kama mtu anayekimbia moshi. Ngazi ilikuwa upande wa pili wa chumba. Inapanda moja kwa moja hadi ukumbini, hatua nne kutoka kwenye lile kochi. Nikatafuta njia ya dharura. Ipo, imeandikwa kwa rangi nyekundu, juu ya kitanda cha juu. Ili kuifikia ilibidi nisogeze mkoba wa mgeni, nilale chali, nisukume kifuniko cha mbao kwa viganja vyote viwili. Kilifunguka kwa tabu, nami ni mtu wa miraba minne. Nilipotoa kichwa nikajikuta chini ya benchi la kulia chakula, ndani ya ukumbi uleule. Njia mbili, na zote zinakutoa mahali pamoja, penye moto.

Nilimweleza tajiri wa chombo. Akanijibu kwamba chombo kina cheti. Na kweli kilikuwa nacho.

Sikujua wakati ule kwamba jambo hili lilishatokea kwa wengine, tena kwa ukamilifu wake. Boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua alfajiri ya tarehe 2 Septemba 2019 ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz, California, nchini Marekani. Ilikuwa karibu kabisa na ufuo. Walikufa watu 34: abiria wote 33 waliokuwa wamelala chumba cha chini, na baharia mmoja aliyelala pamoja nao. Mabaharia watano, akiwemo nahodha, walilala sitaha ya juu, na hao ndio waliopona. Chumba cha chini kilikuwa na ngazi inayopanda ukumbini na tundu la dharura juu ya vitanda, na tundu hilo nalo lilitokea ukumbini. Moto ulikuwa ukumbini. Ving'amuzi vya moshi vilikuwamo chumba cha kulala, lakini ukumbini havikuwamo, kwa hiyo moto ulipata muda wote uliotaka kabla moshi haujawafikia waliolala.

Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 haukuweza kusema kwa uhakika moto ulianzia kwenye kitu gani, kwa sababu chombo kiliungua mpaka usawa wa maji kisha kikazama. Betri na chaja zilizokuwa ukumbini zilitajwa miongoni mwa mambo yanayowezekana. Lakini kuhusu kilichowaua watu wengi kiasi kile, wachunguzi walisema wazi: hakukuwa na baharia wa zamu anayezunguka usiku. Cheti cha boti ile kiliamuru awepo. Boti yenyewe ilikuwa imepita ukaguzi mwaka uleule. Nahodha alitiwa hatiani mwezi Novemba 2023 na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne mwezi Mei 2024.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza ilibidi niiweke simu chini. Kila kitu nilikijua. Lile benchi nalijua, lile tundu nalijua, zile chaja nazijua.

Na tusiseme ni mambo ya Wamarekani. Tarehe 11 Juni 2023 boti ya wazamiaji iitwayo Hurricane ilishika moto Bahari ya Shamu, karibu na Marsa Alam nchini Misri. Raia watatu wa Uingereza walikufa. Wenzao walikuwa wamekusanyika kupewa maelezo ya mbizi ya asubuhi, wao hawakuwamo katika mkusanyiko ule. Taarifa za mwanzo zilitaja hitilafu ya umeme katika chumba cha injini. Misri wana vyombo vya aina hii vingi kupita sisi, na uzoefu wa miaka mingi, na bado yakawafika.

Sisi Zanzibar bahari imetufundisha kwa namna nyingine. MV Spice Islander I ilizama tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na MV Skagit ikazama tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe. Hakuna nyumba Pemba isiyojua mtu aliyepotelewa na mtu. Tangu hapo tumejifunza kuuliza maswali mawili kabla ya safari: chombo kimebeba watu wangapi, na upepo ukoje? Ni maswali ya haki. Lakini ni maswali ya chombo kinachozama. Chombo kinachoungua hakihitaji mzigo wa kupita kiasi wala dhoruba. Kinaweza kuungua kikiwa nusu tupu, bahari imetulia, umbali wa kuogelea kutoka ufukweni, na watu wasitoke.

Tazameni vyombo vyenyewe vimetengenezwa kwa nini. Kama ni faiba, ile gundi iliyogandisha nyuzi zake ikishika moto hutoa moshi mweusi mzito, na mtu akivuta mara chache hajui tena mlango uko wapi. Kama ni jahazi la mbao lililogeuzwa la wageni, basi lina mbao kavu, vanishi tabaka juu ya tabaka, na kalafati, ile pamba ya kuzibia maji iliyolowa mafuta, katika kila mshono. Waliokufa kwenye Conception waliuliwa na kaboni monoksidi, ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani wakiwa wamefunga madirisha. Haina harufu. Mtu aliyelala haamki kwa sababu yake, anazidi kulala.

Betri nizieleze kidogo, maana wakubwa wetu wengi bado wanadhani hatari ya moto baharini ni mafuta ya injini. Mgeni mzamiaji wa leo anakuja na kamera, taa mbili au tatu, kompyuta, simu, wengine na ile pikipiki ndogo ya chini ya maji inayomvuta. Karibu zote zinatumia betri za lithiamu. Betri iliyoingiwa na maji ya chumvi au iliyoanguka inaweza kuonekana nzima, kisha ikaanza kujipasha yenyewe ndani wakati wa kuchaji, au hata baada ya kuchomolewa. Ikifika mahali fulani hairudi nyuma tena. Inatoa gesi inayowaka, inapasua ganda na kuiwasha betri ya jirani. Mtungi wa unga wa kuzimia moto tulionao kwenye boti unaweza kuua mwali wa moto, lakini haupozi, kwa hiyo dakika chache baadaye inawaka upya. Kinachosaidia ni maji mengi, mfululizo. Hili nililijua baadaye kwa kuuliza. Usiku ule nilitupa baharini kwa sababu tu bahari ndiyo iliyokuwa karibu.

Dawa yake si kumkataza mgeni kamera. Ni kuchajia mahali pamoja, sitahani, penye hewa, juu ya bati au kigae na si juu ya mto, mchana wakati watu wako macho, na swichi kuu ya soketi hizo kuzimwa watu wakienda kulala. Nimewahi kufanya kazi kwenye boti moja iliyofuata utaratibu huu. Wageni walilalamika siku ya kwanza, ya pili wakazoea.

Ya gesi na petroli mnayajua, nitayapita haraka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, na kukaa pale ikisubiri cheche ya pampu. Mvuke wa petroli ya dingi, ile boti ndogo ya kupeleka wazamiaji, vilevile. Nimeona madumu ya petroli yamewekwa kivulini nyuma ya kompresa kwa sababu ndiko kwenye nafasi, na mitungi ya oksijeni pembeni yake. Oksijeni yenyewe haiwaki, ila inafanya kila kinachowaka kiwake kwa ukali, na katika mgandamizo mkubwa hata grisi kidogo kwenye vali inatosha kuwasha moto.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa zamu, maana yeye ndiye barua yangu.

Siku ile aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alijaza mitungi, akaibeba, akawavisha wageni, akaendesha dingi kuwafuata, akawapandisha, akajaza mitungi tena. Mara tatu mchana, mara ya nne usiku. Saa tatu usiku wageni walipokuwa mezani yeye alikuwa anasuuza nguo za kuzamia kwa maji baridi na kuzitundika. Saa tano akaambiwa, leo zamu ni yako. Hakuwa na malipo ya ziada. Kesho yake saa kumi na moja kompresa inamsubiri. Binadamu gani atakaa macho? Mimi ningelala pia. Nilishawahi kulala katika zamu, Mungu anisamehe, na hakuna kilichotokea, na kwa kuwa hakuna kilichotokea nikaona si kitu.

Daftari la zamu lilikuwapo. Lina safu ya saa na safu ya sahihi. Asubuhi, wakati mimi nakanda unga wa chapati, nilimuona anakaa mezani kwangu na kulijaza: saa sita, saa saba, saa nane, saa tisa, saa kumi, kalamu moja, pumzi moja. Akaandika «shwari» mara tano. Katika saa tisa pia aliandika shwari, na mto ulioungua ulikuwa umeanikwa nyuma yake kwenye reli.

Waheshimiwa, kama sheria yetu ni kuwa na daftari, basi daftari lipo. Kama tunataka mtu aliye macho, inabidi alipwe mtu ambaye kazi yake ni usiku na ambaye mchana analala. Jina lake liwemo katika orodha ya mabaharia kabla chombo hakijaruhusiwa kutoka bandarini. Hii ni gharama ya mshahara mmoja. Mgeni mmoja wa safari ya siku tano analipa fedha ambazo mlinzi huyo haoni kwa miezi, na nasema hivyo kwa sababu niliwasikia wageni wakizungumza bei mezani kwangu. Tajiri atasema haiwezekani mpaka pale itakapokuwa sharti la leseni kwa wote, kwa sababu anayelipa mlinzi peke yake anaogopa kupigwa bei na jirani asiyelipa. Hapo ndipo mnapohitajika ninyi na si mimi.

Nawaomba pia ukaguzi wa vyombo hivi uongezewe kipande cha usiku. Mchana boti imefungwa gatini, imeoshwa, mikoba ya wageni haimo, soketi ziko tupu, mitungi ya kuzimia moto imefutwa vumbi. Hiyo si boti inayoungua. Mkaguzi aje saa tatu usiku wakati wageni wamo. Ahesabu ekstensheni. Abonyeze king'amuzi cha jikoni na kusikiliza kama kile cha chumba cha chini nacho kinalia, maana visipounganishwa kila kimoja kinamlilia aliye karibu nacho tu. Kisha ateremke, alale kitanda cha mwisho, taa zizimwe, naye atafute njia ya kutoka bila kuonyeshwa. Akitokea mahali pamoja kwa njia zote mbili, chombo hicho kisilaze mtu chini mpaka tundu jingine litobolewe. Fundi wa boti hutoboa sitaha na kuweka kifuniko kipya. Nimewaona wakifanya makubwa kuliko hayo kwa ajili ya kiyoyozi.

Wale mnaosimamia leseni za utalii na wale mnaosimamia vyombo mkae pamoja katika hili, maana boti hizi ni hoteli na ni chombo kwa wakati mmoja, na kitu cha watu wawili mara nyingi kinakosa mwenyewe. Na baadhi huja kutoka bara, na nyingine hata kutoka Kenya, zikiwa na karatasi za huko. Karatasi za huko ziheshimiwe, lakini chombo kikilaza watu Misali au Njao, kiulizwe maswali ya hapa.

Kwa ndugu zetu wa zimamoto na KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo: najua gari haliendi Misali, na boti ya uokozi itakayotoka baada ya kuitwa itakuta moto umeshaamua. Kwa hiyo msaada wenu mkubwa ni kabla. Wafundisheni mabaharia kwa vitendo, na wapishi muwahesabu, kwa sababu mpishi ndiye anayelala karibu na jiko na ndiye anayeamka mapema kuliko wote. Katika miaka kumi na moja nilionyeshwa mara moja tu namna ya kuvuta pini ya mtungi, kwa maneno, na mtungi wenyewe hatukuufyatua kwa kuwa kuujaza upya ni fedha. Zoezi la kuwatoa wageni usiku sikuwahi kuliona. Mgeni anaambiwa jaketi la kuokolea liko wapi, anaonyeshwa choo, anaelezwa muda wa chakula. Kuinua kile kifuniko juu ya kitanda hakuna anayemjaribisha. Zoezi hilo ni la dakika kumi, siku ya kwanza, kabla ya nanga kung'olewa.

Yule kijana wa zamu tuliachana kwa wema. Mwaka wa pili yake alihamia boti nyingine, akawa nahodha msaidizi. Nilimpigia simu kabla ya kuandika haya, nikamuuliza kama wanaye mlinzi wa usiku. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: «Kaka, tunapokezana.» Nikamuuliza saa ngapi huamka. Akanijibu saa kumi na moja.

Niko Chake Chake. Mkaguzi atakayetaka kujaribu kitanda cha mwisho usiku nitakwenda naye, na njia ya kutoka nitamuacha aitafute mwenyewe.

Wenu,
Mpishi wa zamani wa boti za wazamiaji,
Pemba